Ziara ya pikipiki ya theluji kwenda shamba la reindia: kwa nini mashine huzimwa mbali na zizi?

#1 Kipepeo wa Napapiri (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Swali kwa mnaoijua Lapland ya Ufini, hasa waongozaji wa watalii na mafundi.

Ziara nyingi za kuongozwa kutoka Rovaniemi na Levi kwenda shamba la reindia, wale kulungu wanaofugwa nchi za baridi, zina utaratibu mmoja. Msafara ukibakiza mita mia mbili tatu kufika shambani, mwongozaji anainua mkono, mashine zote zinazimwa, watu wanamalizia kwa miguu, helmeti mkononi. Ukiuliza, jibu ni lile lile: kelele inatisha wanyama.

Hilo silimezi. Mwenye shamba anaingia zizini asubuhi na pikipiki yake ya theluji, nyuma anavuta reki (kile kitoroli kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji) ya majani makavu, na reindia hawakimbii. Wanaifuata! Sasa kelele ya mwenye shamba na kelele ya mgeni zinatofautiana wapi?

Na wenye utaalamu wamwage mambo ya vitendo hapa hapa: mavazi, kuendesha, leseni, nini huharibika. Kuna wadau wanakuja msimu huu kutoka Dar na Nairobi.

#2 Mzee wa Poronkusema
Mleta uzi, mnyama hasikilizi kelele, anasikiliza habari iliyomo kwenye kelele. Mashine moja, mwendo wa pole, saa ile ile kila siku: chakula. Mashine nane zimepangana mstari, zinapanda na kushuka sauti: hiyo ni swaga. Wafugaji wa huko wameswaga mifugo yao kwa pikipiki za theluji tangu miaka ya 1960, na kati ya Oktoba na Januari ndipo makundi hukusanywa kwenye mazizi makubwa, wa kuchinjwa wakatengwa na wa kubaki. Mnyama aliyepitia hayo haoni nane na moja kuwa kitu kimoja.

#3 Fundi Beliti
Nzuri kwa hadithi, lakini sababu ipo chini ya mashine. Pikipiki ya theluji inapozwa na theluji. Rejeta zake zimelala kwenye handaki juu ya treki, ule mkanda mpana unaozunguka chini na kuisukuma mashine, na treki ikizunguka inarusha theluji laini juu yake. Theluji hiyo hiyo ndiyo inalainisha zile reli za plastiki ambazo treki inatelezea. Ua wa shamba umekanyagwa na kwato na mabuti mpaka umekuwa sakafu. Ukizungusha mashine nane mle ndani kwa mwendo wa kinyonga, taa ya joto inawaka, na reli zinaanza kulika na kunuka plastiki iliyoungua. Kampuni inaegesha pale njia inapoishia kuwa na theluji laini. Mnyama anapewa lawama tu.

#4 Kigoda Cha Uvivu
Naweka kambi. Ila kwanza, huyu si ndiye yule wa Krismasi mwenye pua nyekundu?

#5 Binti Shangani
Ndiye, na kama ana pembe siku ya Krismasi basi huenda ni mwanamke mwenzetu. Reindia ndiye pekee katika ukoo wa kulungu ambaye jike kwa kawaida huota pembe. Madume makubwa huziangusha baada ya msimu wa kupandana, Novemba mpaka Desemba. Majike hubaki nazo mpaka wakati wa kuzaa, Mei.

#6 Mzee wa Poronkusema
Nakosoa kidogo #5. Wanaovuta reki za watalii wengi wao ni madume yaliyohasiwa, na hayo huchelewa kuangusha pembe mpaka majira ya baridi yanaelekea ukingoni. Madume machanga nayo huchelewa kuliko mazee. Kwa hiyo pembe za Desemba ni jike, au mhasiwa, au kijana.

#7 Kigoda Cha Uvivu
Mhasiwa anavuta reki, jike anabaki na silaha. Nimeelewa ndoa ya huko.

#8 Nywele na Maarifa
Tuje kwenye mavazi, maana orodha za kampuni zimeandikwa kwa ajili ya vichwa visivyo vyetu.

Kampuni inakupa ovaroli nene, mabuti, glavu, helmeti na mara nyingi balaklava, ile kofia ya kitambaa inayofunika kichwa, uso na shingo. Cha kwako ni vya ndani. Juu ya ngozi vaa sufu nyembamba au nguo ya michezo isiyo ya pamba. Pamba inashika jasho na jasho ndilo linakugandisha mkisimama. Katikati vaa sweta ya sufu au flisi. Soksi jozi moja nyembamba, moja nene, na buti namba moja juu ya kawaida yako. Soksi tatu ndani ya buti linalobana ni kosa kubwa kuliko soksi moja, kwa sababu damu haipiti na hewa ya kuhifadhi joto haipo.

Nywele: msuko mnene uliofungwa utosini haukubaliani na helmeti. Helmeti inakaa juu ya fundo badala ya kukaa juu ya kichwa, inayumba, na upepo unaingia shingoni. Suka mistari iliyolala, au shusha nywele zote kisogoni chini ya ukingo wa helmeti. Ondoa pini, shanga za chuma, hereni na vipini vya pua.

Wenye hijabu: nyembamba, ya kuvuta, isiyo na pini, halafu balaklava juu yake. Ncha zote ziingie ndani ya ovaroli.

#9 Binti Shangani
Ahsante dada, hili la fundo utosini halipo popote kwenye tovuti zao.

#10 Daktari wa Zamu
Niongeze la ngozi. Kwenye hewa ya nyuzi -20, upepo wa kilomita 40 kwa saa unafanya uso upoteze joto kama vile ni -34. Kwenye -30 inakuwa kama -48. Mashine inakutengenezea upepo huo hata kama miti imetulia tuli. Kwa kiwango hicho ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika chache tu.

Maelekezo mengi yanasema "angalia doa jeupe". Kwenye ngozi nyeusi doa linakuja la kijivu, lililopauka kama lina majivu, na ukiligusa ni gumu na mwenyewe halisikii. Kila mkisimama, mtu amkague mwenzake pua, mashavu na ncha za masikio. Ukikuta doa, weka kiganja chenye joto mpaka hisia irudi. Usisugue, na usipake theluji, huo ni ushauri wa zamani unaochana ngozi. Vidole vikigoma kurudi, mwambie mwongozaji hapo hapo, si mkifika.

Na tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha mara kadhaa kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi ya vidole zaidi kuliko wenzao waliovaa sawa. Kwa hiyo ukiona Mfini amevua glavu apige picha, usimuige.

#11 Jirani Mwema
Si unapaka Vaseline nyingi usoni yanaisha?

#12 Daktari wa Zamu
Hapana. Ufini walilichunguza hili kwa wanajeshi wao wenyewe. Mafuta hayakukinga, na waliopaka walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kugandishwa masikio na uso. Maelezo mojawapo ni kwamba ukipaka unahisi joto la uongo, unasahau kujifunika.

#13 Jirani Mwema
Bibi zetu wamepaka mafuta miaka yote daktari.

#14 Daktari wa Zamu
Njombe hakuna -30, jirani.

#15 Kiongozi Msafara
Kuendesha. Andikeni hili.

Mafuta yapo dole gumba la kulia, breki mkono wa kushoto, gia hakuna, beliti inajibadilisha yenyewe. Kamba ya usalama unaibana kwenye ovaroli kabla ya kuwasha. Ukianguka inachomoka na injini inakufa. Vishikio vina moto, na kitufe cha dole gumba kina moto wake peke yake. Washa vyote viwili mapema, usingoje vidole vife.

Ajali ya wageni karibu siku zote ni moja. Mtu anaingia kona kwa kasi, anaogopa, anakamata usukani kwa nguvu. Akikaza kiganja, dole gumba nalo linabana mafuta. Mafuta yakiongezeka, uzito unarudi nyuma, ski (vile vibao viwili vya kutelezea) za mbele zinakuwa nyepesi, haziumi tena, mashine inakwenda moja kwa moja kwenye mti. Dawa: punguza mwendo KABLA ya kona, inama kuelekea ndani ya kona, ukishaanza kutoka ndipo uongeze taratibu. Ukiogopa, ondoa dole gumba kabisa, liweke juu ya kishikio pamoja na vidole vingine.

La pili ni mguu. Mashine ikianza kulala, mwili unataka kuutoa mguu kuizuia. Ya watu wawili inapita kilo 250. Mguu ubaki kwenye ubao. Acha ilale, mtaiinua.

La tatu ni kutoka nje ya njia. Theluji ya pembeni inaonekana sawa na ya njiani lakini haijashindiliwa, mashine inazama mpaka kwenye kiti. Ukizama usikanyage mafuta, treki inachimba kaburi. Zima, subiri. Mwongozaji atashindilia theluji mbele kwa miguu, mtavuta ski kurudi njiani, halafu mafuta kidogo mno huku watu wawili wanasukuma.

Umbali kati ya mashine: mita 30 hivi kwenye msitu, zaidi mkiwa ziwani. Ishara ni mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia una kazi. Mkono juu maana yake simama, na kila dereva anauinua kumpa wa nyuma yake.

#16 Mama Wawili
Wenye watoto je? Na abiria anafanya nini, anakaa tu?

#17 Kiongozi Msafara
Abiria anainama upande ule ule wa dereva. Abiria anayejinyoosha kinyume kwa hofu ndiye anayeiangusha mashine. Ana vishikio vyake, asimkumbatie dereva mabegani.

Watoto: kampuni nyingi zinaweka urefu wa sentimita 140 ndipo mtoto akae nyuma ya mzazi. Wadogo wanalala kwenye reki inayovutwa na mwongozaji, wamefunikwa ngozi za reindia na mablanketi. Reki ikiwa na mtu, kikomo cha kisheria ni kilomita 40 kwa saa. Kaa macho, mtoto ndani ya reki hafanyi kazi yoyote ya mwili, anapoa kabla yako, na moshi wa mashine inayomvuta unamjia yeye. Muulize kila mnaposimama.

#18 Wakili wa Mtaa
Sheria kwa kifupi. Leseni ya gari iliyo hai, ya kadi, mkononi. Wa Afrika Mashariki beba na kibali cha kimataifa cha udereva, kinapunguza mjadala kaunta. Sheria inaruhusu kuanzia miaka 15 lakini kampuni za watalii zinataka 18. Kikomo cha pombe ni 0.5 kwa elfu, sawa na barabarani. Kwenye nchi kavu mwisho ni 60 km/h.

Soma kipengele cha mchango wako wa uharibifu. Mara nyingi kinazunguka euro 1,000 kwa kila mashine kwa ajali moja, na unaweza kulipia nyongeza kidogo ili kishuke. Ski moja na bampa vinatosha kuimaliza.

#19 Fundi Beliti
#18 ongeza kwamba juu ya ziwa lililoganda ni 80. Ingawa kwenye ziara hakuna atakayekuruhusu ufike huko, na pale ziwani ndipo upepo wa daktari unakukuta.

#20 Mpanda Ngazi
Narudi kwenye swali la mleta uzi, kwa sababu wote hapo juu mmesahau fensi. Theluji ikifika kiunoni, fensi ya mita moja na nusu inabaki nusu. Reindia anatembea kwa shida kwenye theluji laini, lakini njia iliyoshindiliwa na pikipiki kwake ni lami. Ukileta msafara mpaka mlangoni kila siku, umemjengea barabara ya kutoka. Wafugaji wengi hawataki njia ya watalii iguse fensi. Kelele haihusiki.

#21 Mzee wa Poronkusema
Hoja ina mashiko, ila mwenye shamba naye anashindilia njia yake mpaka ndani, kama alivyosema mleta uzi. Au ya kwake haiwatoi?

#22 Mpanda Ngazi
Ya kwake inaishia kwenye chakula, ya watalii inaishia Rovaniemi.

#23 Volti Baridi
Kuna jaribio ambalo limeshafanyika bila mtu kulipanga. Siku hizi zipo pikipiki za theluji za umeme. Kampuni ya BRP, wenye kiwanda cha pikipiki za theluji za Lynx pale Rovaniemi, wanatengeneza za kampuni za watalii, zinatangazwa kufika kilomita 50 kwa chaji, na baridi kali inapunguza. Hazina muungurumo, husikia treki na ski tu. Na kampuni zenye za umeme bado zinaegesha mbali! Kama ni kelele, kwa nini?

#24 Binti Shangani
Labda ukimya ndio mbaya zaidi? Mnyama ambaye chakula chake kinakuja na muungurumo, ukimtokea kimya kwenye kona lazima ashtuke.

#25 Wakili wa Mtaa
Au ni bima. Mtalii ambaye hajawahi kuendesha, dole gumba lenye ganzi, na kundi la wanyama wa mtu mwingine ndani ya ua mmoja. Kila reindia unayemwona kwenye eneo la ufugaji ana mwenyewe, alama yake imekatwa masikioni na imesajiliwa. Ukimgonga kuna mtu wa kumlipa. Mimi ningeegesha kilomita nzima.

#26 Fundi Beliti
Bima haielezi kwa nini mashine ya mwongozaji nayo inabaki kule.

#27 Mchunga Wa Kusini
Wakati mnabishana, nitoe la shambani kwenyewe, maana wageni wengi wanaharibu hapo.

Utapewa kiganja cha jekali, ule ukoga mweupe wa ardhini ambao reindia anaufukua majira ya baridi. Unaota milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo unachopewa ni kidogo na usiuombe ndoo. Nyosha kiganja bapa. Meno ya mbele ya juu hana, hakung'ati. Usimpe mkate wala biskuti wala tufaha la mfukoni. Tumbo lake lina vijidudu vilivyozoea chakula kimoja, na wanga wa ghafla unachachuka ndani, anaweza kufa. Hata wafugaji wakitoka kwenye jekali kwenda majani na vyakula vya kiwandani hubadilisha kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Usishike pembe. Pembe ndiyo mpini anaokamatiwa akichanjwa au akichinjwa, ukigusa anarusha kichwa na macho yako yapo usawa huo huo. Shingo na bega, sawa, kama mwenye shamba ameruhusu.

Ukisikia "tak, tak" anapotembea si ugonjwa, ni kano ya mguu inayoteleza juu ya mfupa.

Na usimuulize mfugaji ana reindia wangapi. Ni sawa na kumuuliza Mmasai idadi ya ng'ombe wake mbele ya wageni. Atacheka na hatajibu.

#28 Mama Wawili
Na yule anayevaa joho la buluu na nyekundu akiimba, ndiye Msami mwenyewe, yaani mwenyeji wa asili wa huko kaskazini?

#29 Mchunga Wa Kusini
Inategemea, dada. Ufini, tofauti na Sweden na Norway, hata asiye Msami anaweza kumiliki reindia akiwa raia wa Umoja wa Ulaya anayeishi ndani ya eneo la ufugaji, ambalo ni zaidi ya theluthi moja ya nchi na lina vyama 54 vya wafugaji. Rovaniemi yenyewe haimo kwenye nchi ya Wasami. Hiyo ni Utsjoki, Inari, Enontekiö na kaskazini ya Sodankylä. Wafugaji wengi wa karibu na Rovaniemi ni Wafini wa kawaida, na mashamba ya familia yao ni ya kweli kabisa. Kilicholeta kelele ni watu wasio Wasami kuvishwa mavazi ya Wasami ili picha ipendeze, na mwaka 2018 Bunge la Wasami la Ufini likatoa mwongozo wa maadili ya utalii kwa ajili hiyo. Uliza shamba ni la nani kabla ya kulipa.

#30 Kigoda Cha Uvivu
Nimekuja kutafuta pua nyekundu nimepewa katiba.

#31 Kiongozi Msafara
Mkikutana na reindia njiani, nje ya shamba, hapo hakuna ubishi: simama, zima, ngoja aondoke. Ukimfuata anakimbia kwenye njia yako hiyo hiyo kwa sababu pembeni anazama, na anaweza kukimbia mpaka aishiwe nguvu. Majike ya Machi na Aprili yana mimba.

#32 Volti Baridi
Swali la barafu. Ziara za Desemba mwanzoni zinavuka ziwa kweli?

#33 Kiongozi Msafara
Kipimo cha kawaida Ufini ni sentimita 5 za barafu ngumu kwa mtu anayetembea na 15 kwa pikipiki ya theluji. Desemba mwanzoni njia nyingi zinazunguka ziwa. Lakini hatari ya katikati ya msimu si unene, ni maji juu ya barafu. Theluji nzito inakandamiza barafu, maji yanapanda kwenye nyufa na kukaa chini ya theluji bila kuonekana. Mashine ikiingia humo usisimame, maana ukisimama treki inashika uji wa barafu, na kwenye -25 inakuwa jiwe ndani ya dakika chache. Hapo fundi anakuja na shoka.

#34 Fundi Beliti
Fundi anakuja na nyundo ya mpira. Shoka linatoboa rejeta.

#35 Jirani Mwema
Mwezi upi basi wa kuchagua? Na Tromsø ya Norway inafaa badala ya Rovaniemi?

#36 Mpanda Ngazi
Desemba Rovaniemi jua linakaa juu ya upeo saa mbili na kidogo tu, mtaendesha na taa karibu njia nzima. Machi mchana unafika urefu wa saa kumi na mbili, baridi imelegea na theluji bado nene. Bei ya Krismasi usiiguse.

Tromsø ni habari nyingine. Norway wana sheria ya mwaka 1977 inayokataza kuendesha mashine porini kwa starehe isipokuwa kwenye njia zilizotengwa. Kwa hiyo ziara za pikipiki za theluji kutoka Tromsø zinaanza kwa basi, kwenda Lyngen au upande wa mpaka wa Ufini. Shamba la reindia la karibu na mji unafikishwa kwa basi mpaka mlangoni.

#37 Jirani Mwema
Machi basi. Vaseline nabeba.